Ufunguo wa Choo cha Wageni

Daktari wa kwanza aliniambia nifanyiwe upasuaji, na hakuwa ameinuka kwenye kiti. Nilikuwa nimetoka upande wa Nyaramba alfajiri, nikafika mjini Kisii, nikakaa kwenye benchi ya kliniki yake ya binafsi tangu saa tatu hadi saa saba mchana. Nilipoitwa, nilisema maneno ambayo nilikuwa nimeyafanyia mazoezi njia nzima.

"Daktari, nikienda haja kubwa natoka damu."

Akaandika. "Tangu lini?"

"Mwaka na nusu sasa."

"Hizo ni bawasiri. Tutaziondoa. Jumatano ijayo unaweza?"

Nikamuuliza kama hataniangalia kwanza. Hapo ndipo aliponitazama usoni, tena kwa jicho la mtu aliyeombwa jambo lisilo na adabu.

"Mama, mimi nimekaa kwenye kazi hii miaka mingi. Nikisikia tu, najua."

Nilitoka na karatasi ya upasuaji mkononi na hasira ambayo haijaisha mpaka leo. Fundi wa redio hufungua redio kabla ya kusema imeharibika nini. Anayenunua ng'ombe sokoni humfunua mdomo, akahesabu meno. Mimi nilikuwa nikipelekwa kwenye kisu kwa sentensi moja niliyoitamka nikiwa nimeinamisha kichwa.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi iliyo juu ya kilima cha majani chai, kaunti ya Nyamira. Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na sita, watoto wawili, na mume fundi seremala ambaye pia hutunza chai na ndizi zetu. Kazi yangu ni maneno. Nawafundisha watoto visawe na vitate, nawasahihisha wanaposema "choo yangu" badala ya "choo changu". Lakini siku mwili wangu ulipopata jambo la kusema, sikuwa na neno hata moja la kumwambia mtu.

Lilianza asubuhi moja ya msimu wa mvua, chooni nyumbani, kabla sijajitayarisha kwenda kazini. Nilisikia maumivu makali, kana kwamba nimepitisha kipande cha chupa. Nilipojipangusa, tishu ilikuwa na damu. Haikuwa nyingi. Ilikuwa kama mstari, kisha matone mawili matatu. Ilikuwa nyekundu ya kung'aa, kama ile ya kidole kilichokatwa na kisu cha jikoni. Kwanza nikadhani ni hedhi imekuja mapema. Haikuwa hedhi. Nikavaa, nikaenda shule, nikafundisha vipindi sita huku nikikalia upande mmoja wa paja.

Nilinyamaza miezi minne. Mtu asiyetoka kwetu atauliza kwa nini, hasa akijua kwamba baba mkwe wangu alikuwa muuguzi wa zahanati miaka yake yote ya kazi. Amestaafu, lakini mpaka leo watu huvuka mito kuja kumwonyesha vidonda. Nyumba yake na yangu zinatenganishwa na mistari mitatu ya migomba. Lakini mimi ni mke wa mwanawe, na kwetu kuna chinsoni, heshima yenye mipaka kati ya wazazi na watoto, inayomkataza mkaza mwana kutaja mwili wake mbele ya baba mkwe. Singeweza kumwambia hata kwamba tumbo linaniuma. Basi kila jioni nilimwona amekaa barazani, dawa na ujuzi vimemjaa kichwani, nikamsalimu kwa mbali, nikapita na kidonda changu.

Nilipomwambia mume wangu, alishtuka, kisha akafanya kile wanaume wengi hufanya wakishtuka. Alitafuta kosa la karibu.

"Acha pilipili."

"Mimi situmii pilipili. Tangu unioe umeniona na pilipili?"

"Basi labda ni nyama."

Nyama tulikuwa tukila siku za wageni. Nikamwachia hapo. Si mtu mbaya. Hakujua, na hakuna aliyewahi kumfundisha.

Siku ya soko nikaenda duka la dawa Nyaramba. Nilisubiri watu wapungue, nikainama juu ya kaunta, nikanong'ona. Mwenye duka akageuka nyuma na kupaza sauti kwa msaidizi wake, "Leta ile ya bawasiri! Ya huyu madam!" Nyuma yangu walikuwa wazazi wawili wa watoto ninaowafundisha. Mmoja aliangalia viatu vyake. Mwingine, kwa huruma, akaanza kuongea juu ya bei ya mahindi. Nilipewa tubu ya marhamu bila kuulizwa swali, bila kuambiwa nipake wapi, mara ngapi, kwa siku ngapi. Nilirudi kwa tubu nyingine, na nyingine. Yule mtu aliniuzia tubu nane. Mara nane nilisimama mbele yake, na mara nane hakuona ajabu kwamba dawa ya wiki moja inaenda mwaka.

Kati ya tubu ya tano na ya sita nilinunua pia chupa kwa mtu wa kipaza sauti. Wanaokwenda soko la Nyakoe au popote kwetu wanamjua mtu wa namna hiyo. Husimama juu ya gari na kutangaza kwamba dawa yake inatibu bawasiri, presha, mgongo na ndoa. Nilikunywa vijiko viwili. Nikaharisha siku tatu, na kila safari ya chooni ilikuwa adhabu. Siku ya tatu nililia, na sikulia kwa maumivu peke yake. Nililia kwa sababu nilikuwa na diploma ukutani, na nilikuwa nimekunywa maji machungu ya mtu asiyejua hata jina langu.

Baada ya hapo ndipo nikaenda kwa yule daktari wa mjini ambaye hakuinuka.

Niliporudi na karatasi ya upasuaji, mume wangu aliisoma mara mbili. Kesho yake, bila kuniuliza, alivuka migomba akaenda kwa baba yake. Sijui walizungumza nini. Mtoto wa kiume anaweza kumwambia babake mambo fulani kwa kuzunguka, na nadhani alizunguka sana. Alirudi akasimama mlangoni.

"Baba anasema usiende Jumatano. Anasema uende kile kituo cha afya cha serikali kule chini, umwone yule mama afisa wa kliniki. Anasema," akakohoa, "anasema huyo huangalia."

Huangalia. Baba mkwe wangu alikuwa amechagua neno hilo moja, na ndilo lililonipeleka.

Yule afisa wa kliniki alikuwa mwanamke mfupi, miwani imefungwa kamba shingoni, sauti ya mtu aliyezoea kupigia kelele umati. Lakini nilipoingia alifunga mlango, akashusha sauti. Alianza kwa maswali, na maswali yenyewe yalinishangaza.

"Damu ni nyekundu au nyeusi?"

"Nyekundu."

"Iko juu ya choo na kwenye tishu, au imechanganyika ndani ya choo?"

"Juu. Na kwenye tishu."

"Kuna maumivu?"

"Kama chupa."

"Wakati wa kwenda tu, au hata baadaye?"

"Hata baadaye. Saa nzima wakati mwingine."

"Umekonda? Unachoka kuliko kawaida? Unaamka na homa? Choo chako kimebadilika, siku hizi unaharisha na zamani hukuharisha?"

Hapana, hapana, hapana. Ila siku zile tatu za chupa. Nilipomsimulia habari ya chupa, alifumba macho kidogo, akaendelea.

Kisha akasema, "Sasa lala kwa ubavu wa kushoto, magoti juu. Nitaangalia. Haichukui dakika mbili. Ukisema basi, naacha." Akavaa glavu. Nilitazama ukuta, kwenye bango la kunyonyesha. Nilingoja aibu ije initoe roho, nayo haikuja. Aliangalia kwa tochi, akagusa kwa uangalifu, nikaruka kwa maumivu, akasema pole, akaacha.

"Vaa. Huna bawasiri."

Sikuelewa. "Sina?"

"Huna. Una ufa." Akachukua kalamu, akachora duara kwenye upande safi wa karatasi yangu ya upasuaji, na mstari mfupi kwenye ukingo wa lile duara. "Ngozi ya pale imepasuka, kama mdomo unavyopasuka wakati wa baridi. Choo kigumu kimeipasua. Kila ukienda kinaipasua tena kabla haijapona. Kwa sababu inauma, unaogopa kwenda. Ukiogopa, unakaa nacho. Ukikaa nacho, kinazidi kukauka. Umekuwa ukizunguka hapo mwaka na nusu."

"Na upasuaji?"

"Wa kuondoa nini?"

Nadhani aliona uso wangu, maana alisubiri. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mwingine aliyekuwa amelifikiria.

"Wewe ukisikia haja kubwa, huwa ni saa ngapi, na huwa uko wapi?"

"Saa nne. Niko shule."

"Na unafanya nini?"

Nilicheka. Ndiyo, nilicheka, kwa kuwa jibu lilikuwa la wazi mno kwangu. "Najizuia."

"Siku nzima?"

"Mpaka nifike nyumbani."

"Tangu lini?"

Nikahesabu. "Miaka minne."

Hakucheka. Aliweka kalamu chini.

Hapa lazima nieleze vyoo vya shule yetu. Kulikuwa na vyoo vitatu vya wakubwa. Kimoja cha walimu wanaume. Kimoja cha walimu wanawake. Na kimoja kilichoandikwa WAGENI kwa rangi ya buluu, chenye sakafu ya vigae, ndoo ya maji na kufuli. Miaka minne kabla ya siku ile, mvua kubwa iliteremsha udongo na choo cha wanawake kikatitia. Asubuhi tulikuta kimekaa upande kama mlevi. Mwalimu mkuu akaweka miiba mlangoni, akasema kitajengwa. Sisi wanawake tulikuwa sita. Tulipouliza twende wapi kwa sasa, akasema vyoo vya wasichana vipo. Tulipouliza kuhusu cha wageni, akasema kile ni cha wageni. Ufunguo ukabaki kwenye droo yake.

Vyoo vya wasichana vilikuwa na milango minne kwa wasichana zaidi ya mia mbili, na bawaba zimekatika. Ukichuchumaa mle, gredi ya nne iko nje inasikiliza. Unatoka, unaingia darasani, unaandika ubaoni "ngeli ya KI-VI", na kuna mtoto anamnong'oneza mwenzake. Nilikwenda mara mbili, sikurudi. Wenzangu pia. Bila kikao chochote, bila mmoja wetu kusema neno, sisi sita tuliacha kunywa chai ya saa nne. Tukaacha maji. Birika lilipita mbele yetu tukasema tumeshiba. Wanaume walifurahi, mandazi yalibaki mengi.

Nilimsimulia yule mama haya yote. Alisikiliza huku akigongagonga meza kwa kidole.

"Mwili wako umekuita miaka minne," akasema, "na mtu amekaa na ufunguo kwenye droo."

Aliniandikia marhamu nyingine, ya kulegeza msuli wa pale, na dawa ya unga ya kulainisha choo. Akaniambia nikalie maji ya vuguvugu kwenye beseni dakika kumi, hasa baada ya kwenda. Ninywe maji. Nile wimbi, maboga, parachichi, ndizi mbivu, mboga zetu za kienyeji ambazo tayari ziko shambani. Nisijikamue nikiwa chooni. Na zaidi ya yote, nikisikia haja niende saa ileile. Kisha akaniambia jambo ambalo nalirudia kwa kila mtu anayeninong'onezea siku hizi.

"Damu kidogo mara nyingi si ugonjwa mkubwa. Lakini ni nani atakayejua ni damu ya nini kabla ya kuangalia? Ikiwa nyeusi, au ikichanganyika na choo, au ukikonda, au ukiona kizunguzungu, usingoje. Na hata hii yako, isipopona kwa wiki sita, urudi. Nyumbani kwenu kuna mwingine mwenye shida hii? Mama? Baba?"

Nikasema hakuna. Kisha nikasema sijui. Nilikuwa sijawahi kuuliza.

Mama yangu anaishi karibu na Masimba. Jumapili iliyofuata nilimkuta anachambua wimbi uani. Alikuwa na miaka sitini na nane na alikuwa bado anachuma chai. Nilimwambia yangu kwanza, ndipo nikamuuliza yake. Mikono yake ikaacha kusogea kwenye ungo.

"Kwani wewe pia?"

"Mama, tangu lini?"

"Tangu nikuzae wewe."

Miaka thelathini na sita. Alieleza bila kuniangalia, kwa Ekegusii cha chini chini, jinsi anavyobeba kitambaa kwenye kikapu cha chai, jinsi ilivyokuwa ikija na kwenda, na jinsi mwaka huu imekuwa ikija karibu kila wiki. Alikuwa amemwambia muuguzi mmoja zamani. Yule muuguzi alimwambia, "Mama, huo ni uzee."

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Arobaini na kitu."

Nilisimama, nikazunguka nyumba nzima, nikarudi. Nilimkasirikia yule muuguzi, nikamkasirikia marehemu baba yangu ambaye alilala kitanda kimoja naye asijue, nikamkasirikia mama mwenyewe, kisha nikaona haya. Mimi niliyenyamaza miezi minne nilikuwa na mdomo gani wa kumlaumu?

Afisa wa kliniki alipoona umri wa mama na kusikia habari zake, hakutaka mchezo. Alimpima damu, akakuta imepungua, akamwandikia barua kwenda hospitali kubwa ili aangaliwe ndani kwa mpira wenye kamera. Tulingoja zamu majuma matatu. Siku ya kipimo mama alivaa nguo ya kanisani, akafunga kilemba, akaingia mle chumbani kama anayekwenda kortini. Walikuta bawasiri, za kweli hizo. Lakini juu zaidi walikuta pia kinyama kidogo kimeota kwenye utumbo, kama uyoga. Wakakikata palepale na kukipeleka maabara. Majibu yaliporudi, daktari alituambia hakikuwa na saratani, ila ni cha aina ambayo ikiachwa miaka inaweza kugeuka, na kwamba mama arudi kuangaliwa tena. Akaniambia na mimi nikifika miaka arobaini nije niangaliwe, hata kama sioni damu, kwa sababu ya mama.

Nilimtafsiria mama.

"Huo mpira wao," akauliza, "miaka hii yote ulikuwa wapi?"

Daktari alitaka kujua amesema nini. Nilimwambia kwa Kiswahili, neno kwa neno.

Nilirudi kazini muhula ulipofunguliwa nikiwa na barua ndogo. Yule afisa wa kliniki alikuwa ameandika kwamba mgonjwa huyu aruhusiwe kwenda choo wakati wowote anapohitaji. Mtu mzima, mzazi, mwalimu aliyesajiliwa, nilibeba barua ya kuruhusiwa kwenda haja. Nilimpa mwalimu mkuu ofisini kwake. Aliisoma akatabasamu.

"Madam, ruhusa unayo. Nani amekuzuia?"

"Choo hakipo, mwalimu."

"Vya wasichana vipo."

"Naomba ufunguo wa cha wageni."

"Kile ni cha wageni. Wakaguzi wakija wakute uchafu?"

"Wakaguzi walikuja lini?"

Alifikiri. "Muhula wa pili."

Tulikuwa muhula wa kwanza wa mwaka uliofuata. Tangu wakaguzi wale waondoke, kile choo chenye vigae kilikuwa kimekaa kimefungwa, kisafi, kikingoja makalio yenye cheo.

Ijumaa kulikuwa na mkutano wa walimu. Kwenye mambo mengineyo niliinua mkono. Nilisema hivi, na nakumbuka vizuri kwa sababu niliyaandika kwanza:

"Mimi nimetoka damu nyuma kwa mwaka na nusu. Nimeangaliwa. Si kurogwa, si pilipili, si uzee. Ni kwa sababu katika shule hii hakuna mahali ambapo mwalimu mwanamke anaweza kujisaidia. Nimemaliza."

Walimu wanaume walitazama madaftari yao. Mwalimu mkuu alisema, kwa sauti ya upole ambayo ilinichoma zaidi kuliko kelele, "Madam, hayo ni mambo ya kibinafsi. Tungeyazungumza ofisini."

Ndipo mwalimu wa gredi ya kwanza, mama aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, mama ambaye sijawahi kumsikia akipinga jambo, alipofungua mdomo.

"Mimi mwaka jana nimetibiwa mkojo mara tatu. Daktari alisema najizuia sana. Mwalimu, hilo nalo ni la kibinafsi?"

Mwalimu mmoja mwanaume, kijana wa hesabu, akasema kwa unyonge, "Kusema kweli, sisi hatukujua."

"Hamkuuliza," nikamjibu. Naye akakubali kwa kichwa.

Mwalimu mkuu akasema wakati umekwisha, akafunga mkutano kwa maombi.

Jumatatu, saa nne kamili, niligonga mlango wake nikaomba ufunguo. Akakataa. Nilipotoka, mwalimu wa gredi ya kwanza aliingia, akaomba ufunguo. Kisha wa tatu. Kisha wa nne. Wote sita, mmoja mmoja, kwa adabu kabisa: "Shikamoo mwalimu, naomba ufunguo wa choo." Kila aliyekuwa ofisini alisikia, awe mzazi aliyekuja kuulizia mtoto, awe mtu wa kuleta maziwa. Jumanne hivyohivyo. Jumatano, kwenye kiti cha mgeni alikuwa ameketi mama mmoja wa bodi ya shule, mwuza nguo sokoni, mama mpana asiyejua kunong'ona. Alisikia wa kwanza, akasikia wa pili. Nilipoingia mimi, wa tatu, alinishika mkono.

"Ngoja kwanza. Ninyi mnaenda wapi siku zote?"

"Hatuendi," nikasema.

"Hamwendi?"

"Hatuendi, mama."

Alimgeukia mwalimu mkuu. Kisha akanyoosha mkono, kiganja juu, kama anayemtaka mtoto ateme kitu alichokitia mdomoni. Mwalimu mkuu akafungua droo. Yule mama akachukua ufunguo, akatembea nao mpaka chumba cha walimu, akatafuta msumari ukutani penye kalenda, akautundika. "Unakaa hapa," akasema. "Mgeni akija, aje aombe kwa hawa."

Muhula uliofuata bodi ilichimba choo kipya cha walimu wanawake, milango miwili, komeo kwa ndani. Siku ya kufunga shule mwalimu mkuu alihutubia wazazi na kukitaja choo hicho miongoni mwa mafanikio ya uongozi wake. Wazazi walipiga makofi. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na wenzangu watano, na hakuna kati yetu aliyepiga. Hakuwahi kutuomba radhi. Nadhani mpaka leo anaamini tulimwonea.

Ufa wangu ulipona wiki ya saba. Ulirudi mara moja tu, wakati wa kusahihisha mitihani, nilipokaa siku mbili nikisahau maji. Nilijua la kufanya, na baada ya siku chache ulitulia. Mama hachumi chai tena kila siku, na alirudi kuangaliwa kama alivyoambiwa. Amewaambia wanawake wawili wa kanisani kwake waende, mmoja amekwenda. Ile karatasi ya upasuaji yenye duara nimeihifadhi, nami huwachorea wenzangu duara hilohilo wakiniuliza, mlango ukiwa umefungwa.

Lakini sijatulia, na sitaki kutulizwa. Vyoo vya wasichana bado viko vilevile. Nimevitaja kwenye mikutano mitatu, na mara zote tatu nimeambiwa vimo kwenye mpango. Saa nne kengele ikilia, natoka darasani na kupita pale. Gredi ya nne huenda wawili wawili. Mmoja anaingia, mwingine anasimama nje ameegemeza mgongo wake kwenye mlango usio na bawaba, ili usianguke.